Mwalimu Breki na Gauni la Binti Yake

Jina la Breki alipewa na wanafunzi wake, na hawakumsingizia. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa kukaa miaka mingi kiti cha abiria pembeni ya watu wasiojua kuendesha, mguu wake wa kulia ulishazoea kukanyaga chini kila alipoona hatari. Hata nyumbani, mkewe akikatakata vitunguu kwa haraka, mguu wa Mwalimu ulionekana ukikandamiza sakafu chini ya meza.

Ndani ya gari hakumwogopa mtu. "Umepita taa nyekundu, mama. Turudi tulikotoka." Maneno hayo aliwaambia matajiri, akawaambia wakubwa wa ofisi, na akamwambia hata askari mmoja aliyekuja kujifunza kwa kificho. Kumvika mwanafunzi kilemba cha ukoka, alisema, ni kumpeleka mochwari kwa tabasamu. Lakini akishashuka garini, kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Mwalimu hakuwahi kumwambia hapana, na mtu huyo alikuwa dada yake mkubwa.

Dada huyo alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu, na alipostaafu akauhamishia uongozi wake kwenye ukoo. Ndiye aliyeamua Mwalimu asome nini, apange nyumba wapi, na hata rangi ya geti. Mwalimu alikuwa akijibu, "Sawa, dada," na maisha yalikwenda.

Sasa binti wa Mwalimu alikuwa amechumbiwa na fundi majokofu mmoja mpole, kijana wa kucheka kwa mabega, na nyumba nzima iliingia furaha. Siku ya kwenda kutazama magauni ikapangwa: Jumamosi. Hapo ndipo shangazi alipoanza kuja kila jioni.

Shangazi alitaka gauni lenye mkia. Si mkia wa kubahatisha, alisema, mkia hasa. Bibi harusi awe ameshafika mbele ya watu na gauni lenyewe bado liko mlangoni linapiga hodi. Alitaka mikono mirefu, shanga kifuani, na shela ya kufika magotini. Mama wa binti alitaka gauni jepesi ambalo mtu anaweza kukaa nalo, kula nalo na kukimbilia chooni nalo. Ila mama alikuwa na udhaifu mmoja: tangu uchumba ule utangazwe, akimtazama binti yake tu, machozi yanamtoka. Siku moja shangazi alimfunga binti shuka jeupe kiunoni ili aonyeshe mkia wenyewe unavyotakiwa kuburuzika, na mama akalilia shuka.

Binti alisimama katikati ya sebule na shuka lake, akawatazama wote wawili.

Kesho yake alfajiri, Mwalimu akiwa nje anaosha gari la kazi, binti alitoka na kikombe cha chai, akamwekea juu ya boneti.

"Baba, Jumamosi nataka twende mimi na wewe."

"Ndiyo, nitawaendesha wote."

"Wote hapana. Mimi na wewe. Wawili."

Mwalimu aliacha kusugua. Alilikamua dodoki, akalitazama kama vile swali limetokea humo.

"Mwanangu, mimi nijue nini kuhusu magauni? Mimi najua klachi."

Binti aliegemea mlango. Kazi yake ilikuwa kupima watu macho katika duka la miwani. Kutwa alikaa kwenye chumba chenye giza kidogo akibadilisha vioo na kuuliza: hiki kinaonyesha vizuri, au hiki?

"Unajua watu wananidanganya, baba? Mtu haoni kitu, lakini anasema anaona, kwa sababu anataka kunifurahisha. Nikimwandikia miwani kwa jibu hilo, atagonga ukuta. Nikienda na mama, atalia toka gauni la kwanza mpaka la mwisho, nami sitajua lipi limenipendeza. Nikienda na shangazi, nitarudi na mkia. Wewe ukiniambia limenikaa, nitajua limenikaa. Ukiniambia halifai, sitakasirika."

"Na mama yako?"

"Nitamwambia mwenyewe. Nipe siku mbili nitafute maneno."

Alikunywa funda moja la chai ya baba yake, akaenda kujiandaa kwa kazi. Mwalimu alibaki na maji yakimdondoka viatuni. Moyo ulimjaa hata akasahau kuosha upande wa kushoto, na gari likaenda kazini siku hiyo likiwa nusu safi.

Mwanafunzi wake wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye chuo kizima kilimwita Gia Moja, kwa sababu gia ya pili ilikuwa ikimtisha. Mama Gia Moja alikuwa fundi cherehani. Alifanya kazi katika duka la magauni ya harusi, kule nyuma, akipunguza viuno na kupandisha pindo. Mwalimu alilijua hilo siku zote, lakini leo ndipo alipoliona kama mtu anayekumbuka kuwa ana mwavuli.

"Mama," alimwambia wakati gari likitambaa kando ya uwanja, "mtu asiyejua kitu, akitaka kujua gauni la harusi limemkaa msichana, anatazama nini kwanza?"

Mama Gia Moja alishtuka, gari likazimika.

"Washa tena. Taratibu. Nakusikiliza."

"Nani anaolewa?"

"Binti yangu. Amenichagua mimi."

Mama yule alimgeukia, uso wake ukang'aa. "Amekuchagua wewe? Mwalimu, hiyo ni heshima kubwa. Mimi pale dukani naona akina mama kumi, baba mmoja, na huyo baba kaja kusinzia."

"Tazama mbele. Mimi sitaki kwenda kusinzia. Nifundishe."

Wakakubaliana hapo hapo. Mwalimu angemtoa mama kwenye gia moja, naye mama angemtoa Mwalimu kwenye ujinga. Kuanzia siku hiyo, masomo yao yalikuwa vichekesho kwa anayepita. Dirisha liko wazi, sauti ya mwanamke inatoka: "Usianze na mapambo. Shanga zinavutia jicho, zinaficha makosa. Anza mabegani. Bega likikaa vibaya, hata umnunulie lulu, ataonekana kaazima." Na sauti ya mwanamume inajibu: "Nimeshika. Bega kwanza. Weka ya pili sasa, kanyaga klachi." Wakipita kwenye mzunguko anaelezwa tofauti ya satini na lesi. Wakisubiri taa anaambiwa kwamba nyeupe ziko nyingi, na kwamba ile inayoelekea maziwa humpendeza msichana kuliko ile ya kuwaka kama sinki jipya.

"Na umwambie akae," alisema Mama Gia Moja, akiwa amesahau kabisa kuogopa. "Watu wanachagua gauni wamesimama kama sanamu. Harusi mtu anakaa, anainama, anakumbatiwa na watu mia. Mwambie akae, ainue mikono, akukumbatie. Ukisikia mshono unalia, achana nalo."

"Mama, unajua uko gia ya tatu?"

Alitazama mkono wake kwenye gia kana kwamba si wake. Kisha gari likazimika tena, wakacheka mpaka nyuma yao watu wakapiga honi.

Shida ya Mwalimu ni kwamba hakuwa na kifua. Siri kwake ilikuwa kama maji kwenye pakacha. Binti alikuwa bado anatafuta maneno, na jioni ya pili baba yake akamwaga mtama kwenye kuku wengi.

Shangazi alikuwa amekuja na viatu. Viatu vyeupe vya mchuchumio, virefu hata binti mwenyewe asingeweza kuvivaa bila kushika ukuta. Aliviweka mezani katikati ya sufuria ya maharage na mkate.

"Jumamosi tunaondoka mapema," alitangaza. "Mimi nitakaa mbele. Tukifika, kwanza tunaulizia yenye mkia."

"Kwanza ni bega, dada," alisema Mwalimu, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni.

Mkewe alimgeukia polepole. "Bega?"

"Bega likikaa vibaya," alisema Mwalimu, na sasa sauti ilianza kumtoroka, "hata shanga hazisaidii."

"Tangu lini wewe unajua mambo ya bega?" aliuliza shangazi.

Mwalimu alimtazama binti yake. Binti alifumba macho, akatikisa kichwa kidogo kukubali, kama mtu anayesema basi, malizia.

"Binti ameniomba niende naye," alisema Mwalimu. "Mimi na yeye. Wawili."

Mama aliweka kijiko chini. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha kila mtu.

Shangazi alicheka kicheko kifupi cha wodini. "Usilete mzaha. Jumamosi saa mbili nitakuwa hapa, na nitakaa mbele."

Chini ya meza mguu wa Mwalimu ulikandamiza sakafu kwa nguvu zote. Alijikaza kisabuni.

"Hapana, dada."

Alilisema kwa upole, kama anavyomwambia mwanafunzi kwamba bado hajawa tayari kwa barabara kuu. Lakini lilikuwa hapana, na lilikaa pale mezani kati ya maharage na viatu. Shangazi alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama anayesoma kipimajoto. Kisha alichukua mkoba wake, akasema chakula kilikuwa kizuri ingawa hakukigusa, akaondoka. Viatu aliviacha.

Siku iliyofuata nyumba ilikuwa na baridi. Mama aliongea na kila kitu isipokuwa watu: alilisemesha jiko, akaigombeza ndoo. Asubuhi ya pili yake Mwalimu alimkuta nyuma anaanika nguo, akachukua beseni la vibanio, akasimama kando yake akimpa kimoja kimoja. Walianika mashati mawili.

"Mimi ndiye niliyembeba tumboni," alisema mama hatimaye.

"Wewe ndiye."

"Mimi ndiye niliyemsuka mpaka akajua kujisuka."

"Wewe."

"Basi kwa nini isiwe mimi?"

Mwalimu alitafuta jibu zuri, akakosa, akatoa lile la kweli. "Kwa sababu ukimwona unalia, mke wangu. Anahitaji mtu wa kumwambia limekaa au halikukaa. Hajakuacha. Ameniajiri mimi kazi."

Mama alishika shuka upande mmoja, naye akashika mwingine, wakalikung'uta. Ni lile lile la mkia. Mama alilitazama, na mdomo ukaanza kumcheza. Mwalimu alijua kinachokuja akajiandaa na leso, lakini kilichokuja kilikuwa kicheko.

"Nililia kwa ajili ya shuka," alisema.

"Ulililia sana."

"Gauni langu mimi nilichaguliwa na dada yako. Unakumbuka? Mikono yake ilikuwa na marinda kama pazia la ukumbi. Hakuna aliyeniuliza hata rangi. Nilikuona unaniangalia, nikajisemea, huyu mtu anajua nimevaa kioja, na hasemi."

"Nilijua," alikiri Mwalimu. "Nilisema sawa, dada."

Mama alicheka tena, akampiga kwa taulo lenye maji. "Basi safari hii sema ukweli. Na kama unakwenda, huendi hivyo ulivyo. Hujui hata msichana anaandaliwa vipi kabla ya kwenda kujaribu nguo."

Hapo nyumba ikaamka. Mama aliingia kazini kama jenerali. Alitoa sidiria isiyo na mikanda na shimizi isiyoonekana chini ya kitambaa chembamba, akavifua kwa mkono. Alimwambia binti Jumamosi asipake poda wala rangi ya mdomo, isije ikachafua kitambaa cha watu, na nywele azibane juu ili shingo ionekane. Vile viatu vya shangazi alivikataa, akamtafutia vingine vya kisigino cha wastani, urefu ule ule atakaovaa siku yenyewe, kwa sababu pindo hupimwa kwa kiatu. Binti alivivaa ndani ya nyumba jioni nzima, akipika navyo, akifagia navyo, huku baba yake amekaa kwenye kochi akisema, "Punguza mwendo kwenye kona."

Mwalimu naye hakusalimika. Alikatwa kucha, kwa hoja kwamba kucha zake zingenasa kwenye lesi. Alinyang'anywa shati lake la kazi lenye kalamu mfukoni. Alifundishwa kushika mkoba wa mwanamke bila kuushika kama betri ya gari.

Ijumaa jioni shangazi alirudi. Hakubisha kwa kishindo kama kawaida yake. Aligonga, akasubiri kufunguliwa. Mwalimu alipomwona mguu wake ulianza kutafuta breki, lakini dada yake alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba magotini.

"Kule wodini," alianza bila salamu ndefu, "mama akija kujifungua, ndugu walikuwa wanajaa kama nzige. Nilikuwa nawatoa wote nje. Namwambia mama mwenyewe: chagua mmoja wa kukaa na wewe. Wakilalamika nawaambia, chumba hiki ni cha anayezaa, si cha ukoo." Aliusogeza mkoba magotini. "Siku mbili hizi nimekaa nyumbani kwangu, nikajiona niko kule nje kwenye benchi pamoja na wale ndugu."

Binti alitoka jikoni na viatu vyake, ko ko ko, akachuchumaa mbele ya shangazi yake, akamshika mikono.

"Shangazi, sikutaka kukuudhi."

"Hukuniudhi. Aliyeniudhi ni huyu." Alimnyooshea Mwalimu kidole, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. "Miaka yote nangoja mdogo wangu anibishie niache kuchoka kuamua mambo yake. Anangoja mpaka nimestaafu. Leteni chai."

Walikunywa chai, na shangazi akaruhusiwa kueleza faida za mkia kwa mara ya mwisho. Alieleza kwa kirefu.

Jumamosi asubuhi mama na shangazi walisimama getini, wakawapungia mkono. Mwalimu alikuwa ndani ya shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Binti alikaa mbele, shimizi na sidiria ndani ya mfuko magotini, miguu ikichezacheza.

"Baba, unaogopa?"

"Kidogo. Wewe?"

"Kidogo. Lakini ni kule kuogopa kuzuri."

Duka lilikuwa ghorofani, lenye zulia na vioo vitatu vilivyosimama kama kitabu kilichofunguliwa. Mama Gia Moja alijitokeza kutoka nyuma na futi ya kamba shingoni, akamsalimia Mwalimu kama hajawahi kumwona maishani. "Karibu, mzee. Kaa hapa." Lakini alipopita karibu yake alinong'ona, "Bega."

Gauni la kwanza lilipotoka, wauzaji wawili walipiga makofi. Mwalimu alisimama, akazunguka.

"Inua mikono."

Binti aliinua. Gauni lote likapanda pamoja na mikono.

"Hapana," alisema Mwalimu.

Binti alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Hata mimi nimeliona."

La pili lilikuwa la kuwaka. Hapana. La tatu alipokaa, mshono ulilia. La nne lilikuwa zuri lakini lilimfanya msichana aonekane ni mtu mwingine, mtu mkali wa benki, na Mwalimu alisema hivyo hivyo. Binti alicheka sana mpaka pini ikamchoma. Wauzaji waliacha kupiga makofi, wakaanza kumtazama mzee huyu kwa heshima, na gauni likitoka walikuwa wakimgeukia yeye kwanza.

Kisha likatoka moja lisilo na makeke. Rangi ya maziwa, mikono ya lesi iliyoishia kwenye kiwiko, nyuma mkia mfupi unaofuata kwa adabu. Binti alisimama mbele ya vioo vitatu, akawa mabinti watatu. Aliinua mikono. Alikaa. Aliinama. Alimfuata baba yake, akamkumbatia, na hakuna mshono uliosema neno.

Mwalimu alizunguka nyuma, akarudi mbele.

"Baba? Limekaa au halikukaa?"

"Limekaa. Mabega yamekaa, kiuno kimekaa. Hakuna kosa ninaloliona." Alijikuna kidevu. "Lakini hili si la kutazamwa na mtu mmoja. Hili mpigie mama yako simu. Na shangazi yako."

Binti alimwangalia, akatabasamu mpaka macho yakapotea. "Nilikuwa naogopa kuomba."

Alipiga simu. Alikuwa hajamaliza kuirudisha kwenye mkoba, viatu vikasikika vinapanda ngazi kwa haraka, jozi mbili. Mama na shangazi waliingia wakihema, wamevaa nguo zao za kutokea, shangazi akiwa na makombo ya keki kwenye kola.

"Mlikuwa wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Tulikuwa tunapita," alisema shangazi.

"Kwenye mgahawa wa chini," alisema mama, ambaye hakujua kusema uongo. "Tangu mlipoingia. Tuliwafuata kwa teksi."

Kisha mama akamwona binti yake. Mwalimu alitoa leso. Lakini mama alimsogelea kwa macho makavu, akamgeuza taratibu, akapitisha kidole kwenye mshono wa begani, akapima pindo kwa jicho.

"Mkono wa kushoto umeshuka kidogo kuliko wa kulia," alimwambia Mama Gia Moja. "Mnaweza kuupandisha?"

"Tunaweza, mama."

"Basi ni hili." Alimshika binti mashavu yote mawili. "Ni hili, mwanangu. Umependeza."

Nyuma yao kulikuwa na mtu anavuta kamasi. Walipogeuka, muuguzi mkuu mstaafu alikuwa amekaa juu ya kile kiti cha wateja, ameushika ule mkia mfupi kwa vidole viwili, na machozi yanamtiririka hadi kwenye makombo ya keki.

"Ni mfupi," alisema. "Ni mfupi, lakini ni mzuri."

Mwalimu alimpa leso. Binti alikaa chini kwenye zulia pamoja na gauni lake lote, akaweka kichwa kwenye goti la shangazi, na Mama Gia Moja akapiga magoti kando yao, akaanza kuupima mkono wa kushoto.